Mabingwa Wawili, Kombe Moja na Shilingi Iliyorushwa: Jinsi ya Kusoma Msimu wa Kikapu cha Wanawake wa SEC

Tangu Madina Okot, binti wa Mumias, aende kucheza mpira wa kikapu katika vyuo vikuu vya Marekani, Wakenya wengi ambao hawakuwahi kujali michezo ya vyuo vya huko wamejikuta wakifuatilia matokeo usiku wa manane. Na wengi wamechanganyikiwa. Msimu wake wa kwanza, wa 2024-25, ndio uliovuruga watu zaidi. Mwanzoni mwa Machi habari zilisema timu ya chuo cha South Carolina ni mabingwa wa SEC, mojawapo ya ligi za vyuo hivyo. Siku hiyohiyo habari nyingine zikasema Texas ni mabingwa wa SEC. Wiki moja baadaye South Carolina wakatawazwa tena mabingwa wa SEC, safari hii peke yao. Tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa mchezaji wa Texas, kisha tuzo nyingine ya mchezaji bora ikaenda kwa mchezaji wa South Carolina. Aprili ilipofika, bingwa akawa UConn, timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, ambayo hata haimo ndani ya SEC.

Habari zote hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba sisi tumezoea kuuliza swali moja, "Bingwa ni nani?", na msimu wa vyuo una maswali manne au matano yanayoulizwa kwa nyakati tofauti, kila moja na jibu lake. Ukijua swali lipi limejibiwa, ukungu unaondoka. Na msimu ule wa SEC unafaa sana kujifunzia, kwa sababu timu mbili zilibanana mpaka kanuni zenyewe zikaishiwa na la kusema.

Tuanze na konferensi ni nini. Chombo kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani kinaitwa NCAA. Katika daraja lake la kwanza kuna timu za kikapu cha wanawake zaidi ya 350. Timu zote hizo haziwezi kucheza kila moja na kila nyingine, kwa hiyo vyuo vimejiunga katika vikundi, na kila kikundi ndicho konferensi. NCAA haikuwapangia. Ni umoja ambao vyuo vyenyewe vimeuunda, wenye kamishna wake, ratiba yake, mkataba wake wa televisheni na tuzo zake. SEC, yaani Southeastern Conference, ilianzishwa mwaka 1932 na ni mojawapo ya konferensi hizo. Ziko nyingine zenye nguvu kama Big Ten, Big 12 na ACC, na ziko ndogo nyingi ambazo majina yake hata Wamarekani wengi hawayakumbuki.

Wengi hudhani konferensi ni kanda, kama vile kanda ya ziwa au kanda ya pwani. Zamani ilikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa. Siku hizi jina linabaki na ramani inahama. Texas na Oklahoma zilijiunga na SEC tarehe 1 Julai 2024, zikafikisha idadi ya vyuo 16, na kilichozivuta kilikuwa hasa fedha za televisheni zinazotokana na mpira wa Kimarekani wa wanaume. Mwaka huohuo UCLA ya Los Angeles ikaingia Big Ten, kikundi kimoja na Rutgers ya New Jersey, pwani ya pili ya nchi. Mabinti wa kikapu hawakuulizwa, lakini ndio wanaopanda ndege. Mimi naliona hilo ni jambo la kusikitisha. Pamoja na hayo, ndilo lililotupatia ushindani wa South Carolina na Texas, na ule ulikuwa wa kutazama.

Rekodi mbili, timu moja

Msimu huanza Novemba. Mpaka karibu na mwaka mpya timu hucheza zaidi na vyuo vya nje ya konferensi yao. Kisha Januari na Februari hucheza zaidi wao kwa wao. Ndiyo maana ukifungua jedwali unaona kila timu ina rekodi mbili. South Carolina walimaliza msimu wa kawaida wakiwa na 27-3 kwa jumla, na 15-1 ndani ya SEC. Namba ya kwanza ni ushindi, ya pili ni kufungwa. Sare hakuna, kwani mechi ikiisha wamelingana dakika huongezwa mpaka mmoja ashinde, kwa hiyo hata hesabu ya pointi tatu kwa ushindi haihitajiki.

Rekodi ya pili ndiyo inayotoa ubingwa wa msimu wa kawaida wa SEC. Ile ya kwanza haina kazi hapo. South Carolina walifungwa na UCLA 77-62 mwezi Novemba, na tarehe 16 Februari wakafungwa na UConn 87-58 nyumbani kwao Columbia, mahali ambapo walikuwa wameshinda mechi 71 mfululizo. Kipigo hicho kilitikisa nchi nzima, kwani wao ndio walikuwa mabingwa watetezi wa taifa. Kwenye jedwali la SEC hakikubadilisha chochote, maana UConn ni wa konferensi ya Big East.

Jambo jingine la kujua ni kwamba ratiba haikuwa sawa kwa wote. Timu ni 16, kila moja ina wapinzani 15, lakini mechi ni 16. Maana yake unacheza na kila mpinzani mara moja, halafu mmoja unakutana naye mara mbili, nyumbani na ugenini. Kuna anayepangiwa kurudiana na timu dhaifu, kuna anayepangiwa moto. Mwaka huo South Carolina na Texas walipangiwa kurudiana wao kwa wao.

Hapo ndipo utamu ulipo. Tarehe 12 Januari, wakiwa nyumbani Columbia, South Carolina waliwafunga Texas 67-50. Tarehe 9 Februari, mjini Austin, timu ya Texas ikalipa, 66-62. Mechi nyingine zote za SEC kila mmoja alishinda. Timu zote mbili zikamaliza na 15-1, kila moja ikiwa imefungwa mara moja tu, tena na mwenzake. LSU, chuo cha Louisiana, walishika nafasi ya tatu kwa mbali kidogo, 12-4.

SEC haivunji sare ya ubingwa wa msimu wa kawaida. Wawili wakilingana kileleni, wote wawili ni mabingwa na kila chuo kinatundika bendera yake ukumbini. Ndiyo maana habari mbili za siku moja zilitaja mabingwa wawili. Hakuna aliyedanganya.

Shilingi iliamua nini hasa?

Kuna hadithi inayorudiwa sana kwamba South Carolina walipata ubingwa kwa kurushiwa shilingi. Si kweli, na inawakosea haki wachezaji wa timu zote mbili. Shilingi iliamua jambo moja dogo: nani apangwe namba moja na nani namba mbili katika mashindano ya mtoano yaliyofuata. Ubingwa walishakuwa nao wote.

Ilifikaje huko? Kanuni zina ngazi. Kwanza huangaliwa mechi za wao kwa wao, na hapo kila mmoja alikuwa ameshinda moja. Kisha hulinganishwa matokeo yao dhidi ya timu nyingine kwenye jedwali, kuanzia iliyo juu kushuka chini. Wote wawili walikuwa wamezifunga timu nyingine zote, ngazi hiyo nayo haikutoa jibu. Ikabaki shilingi. Jioni ya tarehe 2 Machi 2025 kamishna wa SEC, Greg Sankey, akairusha mbele ya kamera za televisheni, ikawaangukia South Carolina.

Mshabiki wa soka hapa atauliza mara moja: na tofauti ya vikapu je? South Carolina walishinda kwa pointi 17 na kufungwa kwa 4. Kwa hesabu yetu ya magoli kesi ingekwisha hapo. Lakini kanuni za SEC hazihesabu hivyo, na mimi naona wana sababu nzuri. Ukianza kuhesabu tofauti ya pointi, unamlazimisha kocha aendelee kuwaponda wanafunzi wa chuo kingine hata mechi ikiwa imekwisha dakika kumi nyuma, na wachezaji wake wa akiba ambao nao wanastahili kucheza hawataona uwanja.

Na faida ya kuwa namba moja ilikuwa ndogo kuliko kelele zilizopigwa. Timu nne za juu, namba moja hadi nne, zote huruka raundi mbili za mwanzo na kuingia moja kwa moja robo fainali. Namba moja na namba mbili huwekwa pande tofauti za mchoro wa mechi, kwa hiyo haziwezi kukutana kabla ya fainali. Tofauti iliyobaki ni nani unakutana naye njiani. Texas, wakiwa namba mbili, walikutana na LSU kwenye nusu fainali na wakaponea 56-49. South Carolina walikutana na Oklahoma wakashinda 93-75. Amua mwenyewe kama shilingi ile ilikuwa na uzito.

Kombe la siku tano

Ukitaka kuelewa uhusiano wa msimu wa kawaida na mashindano ya konferensi, fikiria Ligi Kuu Tanzania Bara na Kombe la Shirikisho. Ligi inampa tuzo aliyedumu miezi mingi. Kombe linampa aliyeshinda kila alipoitwa, na ukiteleza mara moja umetoka. Timu moja inaweza kuchukua vyote, au vikagawanyika. Tofauti ni kwamba kombe la SEC linachezwa na timu zilezile 16 za ligi, katika ukumbi mmoja, kwa siku tano tu.

Mwaka 2025 lilichezwa Greenville kuanzia tarehe 5 hadi 9 Machi. Greenville iko ndani ya jimbo la South Carolina, na ukumbi ule kila South Carolina wanapocheza hujaa mashabiki wao. Kwenye karatasi ni uwanja usio wa timu yoyote. Kwenye fainali ya tarehe 9 Texas walipata pointi 45, South Carolina 64. Kombe likawa la South Carolina, la tisa katika historia yao, na yote tisa yamepatikana chini ya kocha Dawn Staley tangu 2015.

Sasa lipo jambo ambalo wageni wa mchezo huu hukosea zaidi kuliko yote. Watu hudhani bingwa wa msimu wa kawaida ndiye anayefuzu moja kwa moja mashindano ya taifa, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi ndefu. Hapana. Tiketi ya moja kwa moja hupewa bingwa wa kombe la siku tano. Kwa SEC hilo halina maumivu, maana timu zake nzuri zitaalikwa tu. Katika konferensi ndogo ni msiba: timu inaweza kushinda mechi zake zote za Januari na Februari, ikateleza siku moja ya Machi, na msimu ukaishia hapo.

Tuzo: nani anapiga kura, na lini

Tuzo za SEC za msimu hupigiwa kura na makocha 16 wa konferensi, na kocha haruhusiwi kumpigia mchezaji wake mwenyewe. Kura hufanyika msimu wa kawaida ukiisha, na mwaka 2025 matokeo yalitangazwa kabla mpira haujadundwa Greenville. Mambo mawili haya, nani anapiga na lini anapiga, yanajibu karibu malalamiko yote ninayoyasikia.

Mchezaji bora wa msimu alikuwa Madison Booker wa Texas, akiwa mwaka wake wa pili tu chuoni. Kocha bora alikuwa Vic Schaefer, wa Texas pia. Wiki ileile wakafungwa fainali kwa pointi 19. Watu wakauliza: mchezaji bora gani timu yake inapata pointi 45? Lakini tuzo ile haikuhusu fainali, wala haikuhusu Greenville kabisa. Ilihusu miezi iliyotangulia, ambamo Texas, wageni katika SEC, waliingia na kushinda mechi 15 kati ya 16. Mashindano yenyewe yana tuzo yao ya mchezaji bora, na hiyo ilikwenda kwa Chloe Kitts wa South Carolina. Wachezaji bora wawili, vipindi viwili tofauti.

Halafu kuna wanaoamini kwamba tuzo za wachezaji hufuata jedwali. Mtazame Mikayla Blakes wa Vanderbilt. Timu yake ilimaliza SEC na 8-8, katikati kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka wa kwanza, na sidhani kuna kocha aliyehangaika kuamua. Tarehe 30 Januari alifunga pointi 53 dhidi ya Florida, rekodi ya taifa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika daraja la kwanza la wanawake. Haikufika hata wiki tatu akaivunja mwenyewe, pointi 55 dhidi ya Auburn, katika mechi iliyoongezwa dakika. Hamsini na tano, peke yake, ni zaidi ya walizopata Texas wote pamoja kwenye fainali.

Tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi ilikwenda kwa Clara Strack wa Kentucky. MiLaysia Fulwiley wa South Carolina alipata ile ya mchezaji bora wa akiba, yaani anayeanzia benchi. Wengine huichukulia kama kifuta machozi. Waulize makocha waliokuwa wakimwona anavua fulana ya mazoezi dakika ya tano, wakati walinzi wao wameshaanza kuhema.

Zaidi ya hizo kuna vikosi bora, cha kwanza na cha pili, kikosi cha mwaka wa kwanza na kikosi cha ulinzi. Vikosi hivyo ni orodha za heshima tu, havichezi mechi. Na usizichanganye tuzo za konferensi na zile za taifa, ambazo zina wapiga kura wengine. Mwaka huo mchezaji bora wa taifa kwa kura ya waandishi wa habari inayoendeshwa na shirika la habari la AP alikuwa JuJu Watkins wa USC (Southern California), kutoka Big Ten.

UConn wametokea wapi?

Konferensi zikishamaliza makombe yao, hufuata mashindano ya taifa ya NCAA, ambayo msimu ule yalikuwa na timu 68. Mwaka 2025, timu 31 ziliingia kwa tiketi ya ubingwa wa konferensi zao na 37 zilichaguliwa na kamati. SEC iliingiza timu 10: South Carolina kwa tiketi, na tisa kwa kuchaguliwa. Miongoni mwa tisa hizo walikuwamo Mississippi State, timu ya Okot wakati ule, waliomaliza SEC na 7-9. Ukitazama namba hiyo peke yake unaona timu iliyofungwa zaidi ya ilivyoshinda. Kamati haitazami namba hiyo peke yake. Inatazama pia mechi za nje ya konferensi na uzito wa wapinzani, na katika SEC ya mwaka ule kufungwa mechi tisa kulikuwa rahisi sana. Wakaingia, wakawafunga California 59-46, kisha wakatolewa na USC 96-59.

Huku juu, South Carolina na Texas walikutana tena, safari ya nne kwa msimu mmoja. Ilikuwa nusu fainali ya taifa mjini Tampa, tarehe 4 Aprili, na South Carolina wakashinda 74-57. Siku mbili baadaye UConn wakawafunga South Carolina 82-59 na kuchukua taji lao la kumi na mbili la taifa. Kwa hiyo UConn ni bingwa wa nchi, na hilo halimnyang'anyi mtu ubingwa wa SEC, kwa kuwa UConn hawakuwahi kuugombea.

Tazama namba za mwisho. South Carolina walimaliza na 35-4. Texas walimaliza na 35-4. Kati ya mechi nne walizofungwa Texas msimu mzima, tatu walifungwa na South Carolina. Ukiniuliza ni timu ipi ilikuwa bora, nitasema South Carolina bila kusita. Ukiniuliza nani alikuwa bingwa wa msimu wa kawaida wa SEC, jibu linabaki palepale, wote wawili.

Okot mwenyewe alimaliza msimu ule Mississippi State akiwa na wastani wa zaidi ya pointi 11 na ribaundi zaidi ya 9 kwa mechi, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtu kurusha na kukosa. Kisha akahamia South Carolina, kama vile Fulwiley alivyotoka South Carolina kwenda LSU. Uhamisho wa namna hii umekuwa jambo la kila mwaka, na mchezaji akihama hachukui mataji ya chuo anachokwenda. Kuvaa jezi ya South Carolina hakukumfanya Okot awe sehemu ya ubingwa wa 2025. Ule ni wa waliocheza.

Na anayetaka kupima kama mchezaji wa South Carolina ana nafasi ya tuzo ya SEC asihesabu kura ya Dawn Staley. Staley haruhusiwi kumpigia mchezaji wake. Atazame mchezaji huyo anavyocheza kuanzia Januari, dhidi ya timu za wale makocha 15 wengine, kwa maana kura ni zao.